Biskuti Arobaini za Janelle

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliishia kufungia mayai kabla hawajalisoma, nitarudia kidogo.

Mimi ni Orpha Schlabach, mjane, bibi wa mjukuu mmoja, mkazi wa Ohio tangu kuzaliwa. Nililelewa kwa Wakristo wa vigari vya farasi, wasiotaka magari wala redio, na kwetu shule inaishia darasa la nane. Chuo kilichoko kilimani kinawaruhusu wazee wa mji kuingia madarasani na kusikiliza, bila mtihani wala cheti. Nilichagua saikolojia kwa sababu ilikuwa ghorofa ya chini.

Janelle, huyo mjukuu wangu, yuko mwaka wa mwisho hapo hapo, naye anasoma saikolojia. Katika darasa letu la wanaoanza, yeye ndiye msaidizi wa Profesa Haverkamp.

Wiki iliyopita niliwaambia kwamba Profesa aliomba mfano wa tabia inayobadilishwa kwa zawadi. Nikanyoosha mkono. Nikaeleza jinsi nilivyomwachisha mjukuu wangu kukojoa kitandani, kwa kipande cha jibini kila asubuhi aliyoamka mkavu. Mwanafunzi mmoja akauliza ni mjukuu yupi. Nikajibu kwamba ninaye mmoja tu.

Janelle alikuwa amesimama ubaoni, kashika chaki.

Hapo ndipo mimi nanyi tulipoachana. Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi.

Kwanza alininunia. Halafu akaugua. Ilikuwa homa ya tezi, ile inayovimbisha shingo, ambayo wanafunzi huipata kwa kubusiana au kwa kunywea kikombe kimoja. Sikumuuliza yeye aliipata kwa kipi. Alihamia kwangu, akalala chumba cha juu karibu mwezi mzima, anakunywa supu ya kuku na tambi nilizokata kwa mkono, nyembamba, maana nene zilimkwama kooni.

Sasa shikeni jambo moja, kwa kuwa ndilo lililonikosesha usingizi. Katika chuo hiki mtu hahitimu mpaka afanye utafiti wake mwenyewe, kisha asimame mbele ya walimu na kuueleza. Janelle alikuwa ameshapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi Wisconsin, kwa sharti moja, kwamba ahitimu mwezi wa Mei. Bila utafiti, Mei hakuna. Bila Mei, Wisconsin hakuna.

"Na huo utafiti wako unahusu nini?" nilimuuliza siku moja huku nikimpulizia supu.

"Siwezi kukwambia, Bibi. Ni siri ya kazi."

"Hata mimi niliyekulisha jibini?"

"Hasa wewe uliyenilisha jibini." Akakohoa. "Kuna mtu ananiendeshea huko chuoni mpaka nipone. Ni mwaminifu, usijali."

Sikujali. Nikaenda darasani.

Wanafunzi wa darasa letu wanatakiwa kujitolea kwenye majaribio ya wakubwa wao. Mimi msikilizaji sitakiwi. Lakini nimelelewa kwamba ukikaa mezani unaonja kila kilichopakuliwa. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi inayosema: Jaribio la kumbukumbu ya maneno, karibuni wote. Hapakuwa na jina la mwenye jaribio.

Nikaenda. Theluji ilikuwa magotini.

Chumba kilikuwa kidogo, meza mbili, dirisha moja lenye ukungu. Alikuwamo binti wa mwaka wa pili, aliyevaa soksi zisizofanana, ndiye msimamizi. Alikuwamo pia kijana mrefu mwenye nywele rangi ya shaba, naye nilidhani kaja kupimwa kama mimi. Kila mmoja akapewa namba badala ya jina.

Kabla ya kuanza ikabidi tutie sahihi kiapo cha chuo: naapa sitaiba majibu, na nikimwona mwenzangu anaiba nitasema. Kwetu hatuapi. Nilikata "naapa", nikaandika juu yake "naahidi".

Tukaoneshwa maneno, yakafichwa, tukaambiwa tuyaandike. Binti akatoka.

Yule kijana akatoa simu mfukoni. Alikuwa ameyapiga picha yale maneno, yote. Akaanza kunakili. Hata kujificha hakujificha.

"Vipi Bibi, nikusomee?" akaninong'oneza.

"Hapana, asante. Nimekumbuka matano. Yananitosha."

Akanikonyeza.

Binti akarudi. "Mambo yamekwenda sawa?"

"Sawa kabisa," alisema kijana.

"Nimesahau maneno mengi," nilisema mimi, na ilikuwa kweli.

"Usijali, Bibi. Ila tafadhali, yaliyotokea humu msimwambie yeyote mpaka mtakapoitwa tena. Na kama kuna la kuripoti, ofisi ya nidhamu ni mlango wa tatu kulia."

Sikwenda mlango wa tatu kulia.

Kwetu mtu akikosa hatuanzii ofisini. Unamwendea, wewe na yeye, peke yenu. Akikusikia, yamekwisha, wala hutayatamka tena mpaka wakufukie. Asipokusikia, unarudi na shahidi mmoja au wawili. Akishupaza shingo, ndipo unaliambia kanisa. Ndivyo Injili inavyosema, na nimeona utaratibu huo ukifanya kazi kwa wezi wa kuku, kwa walevi, na kwa marehemu mume wangu aliyekuwa ameficha redio ghalani.

Kwa hiyo nikaoka pai ya zabibu kavu. Kwetu hiyo ni pai ya matanga, lakini ndiyo inayostahimili kubebwa kwenye baridi.

Kumpata kijana hakukuwa kazi. Picha yake ilikuwa kwenye kila mlango wa chuo. Mwezi ule alikuwa anaigiza mfalme katika mchezo wa jukwaani, na chini ya taji paliandikwa jina: Emmett Pruitt.

Mwenzake wa chumba ndiye aliyenifungulia mlango wa bweni. Akaitazama kofia yangu nyeupe ya sala, akaitazama pai.

"Emmett, bibi yako kaja."

"Mimi sina bibi," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Basi umepata," akasema mwenzake, akachukua koti lake, akaondoka.

Emmett aliponiona akasimama. Akaondoa nguo kwenye kiti, akazitupa kitandani, akanikaribisha. Kijana mwenye adabu, nilimwona.

"Nimekuja peke yangu," nikamwambia. "Sijamwambia mtu. Ukinisikia, jambo hili linaishia ndani ya chumba hiki, na kwangu halitatoka. Hilo ni neno langu."

"Jambo gani, Bibi?"

"Uliiba."

Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Chozi likamtoka jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia, kwa zamu, kama watu waliofundishwa kupanga foleni.

"Nimekosa, Bibi," akasema. "Mama yangu ni mgonjwa. Sisomi, silali, nawaza yeye tu."

"Maskini. Anaumwa nini?"

"Nani?"

"Mama yako."

Akafikiri kidogo. "Mguu."

Nikakata pai.

Mimi nimekaa kwenye ibada ndefu, juu ya mabenchi yasiyo na migongo, tangu nikiwa wa kunyonya. Kunyamaza kwangu si kazi. Nikafumbata mikono mapajani nikamtazama anavyokula.

Kipande cha kwanza alikila akilia. Cha pili alikila akinitazama. Cha tatu akakiuma mara moja, akakiweka chini.

"Bibi, huna haraka?"

"Sina."

"Lakini utaondoka?"

"Ukimaliza."

"Nimeshiba, Bibi, kwa kweli."

"Sikusema kula."

Akajipangusa uso kwa shuka. Akatazama mlango kama mtu anayetaka uwe karibu zaidi.

"Haya, nisikilize. Lile halikuwa la kweli. Mimi niliwekwa pale makusudi, niibe mbele yako, ionekane kama utasema au utanyamaza. Jaribio lenyewe ndilo hilo. Hayo ya kumbukumbu ya maneno ni danganya toto tu. Na sikutakiwa kukwambia kabla ya wakati."

"Kwa hiyo hukuiba."

"Sikuiba."

"Na mama yako?"

"Mzima wa afya. Anacheza tenisi."

Nikafurahi sana. Jambo lilikuwa limekwisha vizuri kuliko nilivyotegemea. Nikasimama, nikavaa koti, pai nikamwachia. Nilikuwa nimeshafunga vifungo viwili aliposema:

"Ila lipo moja la kweli."

Nikavifungua vifungo viwili. Nikakaa.

Safari hii hakulia. Uso ulikuwa mkavu, mweupe kama sahani.

"Watu hawakuja, Bibi. Theluji, unaiona mwenyewe. Na mimi kila siku nina mazoezi, mfalme ana maneno mengi. Tulitakiwa tupate watu arobaini. Wamekuja kumi na mmoja. Wewe ndiye wa mwisho."

"Na wale wengine?"

"Nimewatunga."

"Unatungaje mtu?"

Hapo akachangamka kidogo, Mungu amsamehe. "Sikuandika ovyo, Bibi! Kila mmoja nilimwigiza kwanza. Huyu mwoga, hasemi. Huyu mlokole, anakimbilia ofisini kabla hajavaa viatu. Mmoja nilimpa kigugumizi. Ndipo nikawaandikia majibu yao."

"Kwa nini?"

Uchangamfu ukamwisha.

"Mwenye utafiti anaumwa. Kila siku ananipigia simu, sauti imekauka, anauliza, Emmett, leo wangapi? Ningemwambia hakuna? Siku ya kwanza nikasema wanne. Akafurahi, Bibi, ungemsikia. Kesho yake nikasema watano."

"Na huyo mwenye utafiti ni nani?" niliuliza.

"Dada mmoja wa mwaka wa mwisho. Janelle. Janelle Schlabach."

Nikafunga kifungo kimoja, nikakifungua tena.

"Bibi? Unaumwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Nakumbuka nilichokuahidi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipofungua mlango Janelle alikuwa amesimama juu ya ngazi, kajifunga blanketi, mashavu yana rangi kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Wametimia, Bibi! Arobaini! Emmett kanipigia sasa hivi!"

"Emmett ndiye nani?" nikauliza. Swali si uongo. Nililipima kabla ya kulitoa.

"Yule anayeniendeshea jaribio. Siwezi kukueleza, ila kuna mmoja, Bibi, ana kigugumizi, na bado alikwenda mwenyewe kusema! Unaweza kuwaza ujasiri huo?"

"Maskini," nikasema, nikaenda kupasha supu.

Mwezi wa Machi Janelle akapona. Akakaa na hesabu zake mezani kwangu, na yule mwenye kigugumizi akawa anasimuliwa kila tunapokula, kama binamu aliyeko safarini. Darasani Profesa Haverkamp akanizuia mlangoni. Ni mama mwema, anatembea na soksi tupu ofisini kwake, na mbwa wake, anayekuja naye darasani, amezoea kulala juu ya viatu vyangu.

"Mama Schlabach, sipaswi kusema, lakini mjukuu wako ana matokeo ya ajabu. Kwa kawaida watu ni vurugu. Hawa wake wamekaa mistari kama maharage shambani."

"Labda walipandwa," nikasema.

Alicheka mpaka mbwa akaamka.

Jioni hiyo nikarudi bwenini kwa Emmett.

"Umeleta pai?" akauliza.

"Nimeleta jina langu. Hukuwahi kuniuliza. Naitwa Orpha Schlabach."

Akakaa chini pasipokuwa na kiti.

"Schlabach... yule yule?"

"Ni bibi yake. Huyo mtu wako mwenye kigugumizi anakula na sisi kila siku."

"Basi mwambie wewe, Bibi," akasema akiwa bado sakafuni. "Wewe ni damu yake. Atakusikiliza."

"Siwezi. Neno nilikupa wewe kwanza. Na muda bado upo. Akijua leo, atapata watu wengine kabla ya kusimama mbele ya walimu. Akijua mwezi ujao, hatapata. Mwambie."

"Ataniua."

"Hawezi. Kwetu hatuui hata vitani."

"Nitamwambia, Bibi. Naapa."

"Usiape. Sema lini."

"Ijumaa."

Ijumaa ikapita. Alikuwa na mafua. Ijumaa nyingine alikuwa na mtihani. Iliyofuata chuo kilifungwa kwa mapumziko, akaenda kwao kuangalia tenisi. Kila nilipokwenda alinipa Ijumaa mpya, nami kila mara niliipokea, kwa kuwa mtu anayesema "nitafanya" bado hajakataa kukusikia.

Mtaniuliza: Orpha, mjukuu mmoja, na wewe unalinda neno ulilompa mtoto wa watu? Nimejiuliza hivyo nikiwa natandika, nikiwa nafua, nikiwa ibadani wakati wengine wanaimba. Baba yangu aliuza ng'ombe na mashamba maisha yake yote bila karatasi. Akishasema, kasema. Kama neno langu ni la watu baki tu, na linavunjika likiigusa damu yangu, basi kwa miaka yote hii nilikuwa sisemi kitu, nilikuwa napiga kelele tu. Ndivyo nilivyojijibu. Sikusema jibu lilinipa usingizi.

Theluji ikayeyuka. Aprili ikaingia. Siku ya Janelle kusimama mbele ya walimu ikapangwa, Jumamosi.

Alhamisi ya wiki hiyo akaingia jikoni akiimba.

"Bibi, nina ombi. Niokee biskuti zile zenye kokwa za jozi juu. Arobaini."

"Arobaini?"

"Moja kwa kila mtu wangu. Kesho ni siku yao ya kuambiwa ukweli. Tukimdanganya mtu kwenye jaribio, sheria inasema tumwite, tumweleze ana kwa ana, na tumwoneshe aliyemdanganya. Majina hatuna, ni namba tu, kwa hiyo nimebandika tangazo: wote waliofanya jaribio la maneno, njooni kesho baada ya chakula cha mchana. Hatumwachi mtu aondoke na uongo, Bibi. Hiyo ndiyo raha ya kazi yetu."

"Ni sheria nzuri," nikasema.

"Sasa siwezi hata kukwambia jinsi ninavyomngoja yule wa kigugumizi. Nataka nimshike mkono."

Nikaufuta mkono wangu kwenye aproni, ingawa haukuwa na kitu.

"Janelle, mwanangu. Hivi kungekuwa na kasoro kwenye namba zako, ungefanyaje?"

"Ningejua Machi, ningerudia. Sasa hivi?" Akacheka. "Sasa hivi ningekuja kukusaidia kuuza pai barabarani. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Akaniinamia, akanitazama machoni kama anavyowatazama wanafunzi.

"Umekuwa kimya siku hizi, Bibi."

"Ninazeeka."

"Wewe ulizeeka zamani. Hiki ni kitu kingine."

"Lete unga," nikamwambia.

Alipotoka nikabaki peke yangu na bakuli. Nikioka kumi na moja, nimevunja neno. Nikioka arobaini, nimesema uongo kwa siagi na sukari. Nilisimama pale mpaka siagi ikalainika yenyewe. Halafu nikaoka arobaini. Zile kumi na moja za kwanza niliziwekea jozi nzuri, nusu nzima nzima, katikati kabisa. Baada ya hapo mkono ukawa mzito, nikabandika vipande popote vilipoangukia.

Asubuhi ya Ijumaa nilimtafuta Emmett bwenini, hakuwapo. Nikamtafuta ukumbi wa michezo, hakuwapo. Baada ya chakula cha mchana nikaenda kule kwenye tangazo, kwa sababu niliitwa. Nilikuwa mmoja wa wale waliofanya jaribio la maneno.

Ukumbini palikuwa na benchi, na benchi lilitutosha wote. Kijana aliyekuwa kando yangu akatazama mlango wa nje.

"Wengine wako wapi?"

"Sijui wanatokea njia gani," nikamwambia.

Wakawa wanaitwa mmoja mmoja. Kila aliyetoka alitoka anacheka, anatikisa kichwa, biskuti mkononi. Mmoja aliwaambia wengine, "Yule mshenzi ni mwigizaji! Nami nilimwombea!" Benchi likaendelea kupungua, na kupitia ule mlango nikaisikia sauti ya Janelle ikipungua pia.

Nilibaki peke yangu.

Mlango ukafunguliwa. Janelle hakuniangalia mimi, aliangalia nyuma yangu, ukumbi wote mtupu, mpaka ngazi. Ndipo akaniona.

"Bibi. Umeleta biskuti nyingine? Hizi zimebaki nyingi. Watu sijui wamepatwa na nini."

"Sikuleta. Nimeitwa."

"Nani kakuita?"

"Tangazo. Nilifanya jaribio."

Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa.

"Bibi! Ndugu haruhusiwi! Ndugu wa damu haruhusiwi kabisa!"

"Hakuna aliyeniuliza habari ya damu. Niliulizwa maneno."

"Lini?"

"Ulikuwa umelala. Na niliambiwa nisimwambie mtu."

Akafumba macho, akayafumbua. "Ingia," akasema.

Kilikuwa chumba kile kile. Emmett alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, kwa kuwa ndiye wa kuoneshwa. Mbele yake palikuwa na sinia langu la biskuti, bado limesheheni. Zilizochukuliwa ni zile nzuri. Aliponiona akaanza kukagua kamba za viatu vyake.

Janelle akakaa, akavuta karatasi, akashika kalamu. Mjukuu wangu ni mtu wa sheria.

"Sawa. Wewe nitakuondoa kwenye hesabu, watabaki thelathini na tisa, bado ni wazuri. Lakini ukweli nitakuambia kama wengine. Kwanza maswali. Ulimwona mwenzako akiiba?"

"Nilimwona."

"Uliripoti ofisini?"

"Hapana."

"Ulinyamaza, basi." Akaanza kuandika.

"Hapana. Nilimwambia mtu mmoja."

"Nani?"

"Yeye mwenyewe. Nilimwendea bwenini na pai."

Kalamu ikasimama. Kisha, na hili ndilo lililoniuma kuliko yote, uso wake ukang'aa. Uchovu wote ukamtoka.

"Bibi! Hilo sikuliwaza! Mimi niliweka kusema au kunyamaza, basi. Sina hata pa kuliandika hilo! Kati ya watu arobaini hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo!" Akamgeukia Emmett. "Na wewe hukuniambia!"

Emmett akakohoa.

"Ngoja, ngoja. Hili litaingia kwenye maelezo ya kesho, Profesa atalipenda." Akageuza karatasi upande mweupe, akaandika juu kabisa, akapigia mstari. "Ulipomwendea, Bibi, yeye akasema nini?"

Nilifumbata mikono mapajani. Mara ya kwanza unakwenda peke yako, nami nilikwenda. Mara ya pili unakwenda na shahidi mmoja au wawili. Nikahesabu tuliokuwamo chumbani. Mimi, Emmett, na shahidi mmoja.

"Emmett," nikasema, "leo ni Ijumaa."

Janelle akanitazama, akamtazama. Akalitazama sinia. Akalitazama muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyotazama biskuti.

"Emmett?" akasema taratibu. "Ijumaa ya nini?"

Emmett akanyoosha mkono, akachukua biskuti moja, akaigeuza, akairudisha mahali pake. Akavuta pumzi. Akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kutikisika.

Chozi likamtoka, jicho la kushoto kwanza.

"Janelle," akasema, "mama yangu ni mgonjwa."